Mwili Mnene Si Ushahidi wa Afya: Unene Uliokithiri na Magonjwa ya Moyo Katika Familia Zetu

Kila mwaka, tarehe 4 Machi, dunia huadhimisha Siku ya Unene Uliokithiri, na tarehe 29 Septemba huadhimisha Siku ya Moyo. Maadhimisho haya mawili yametenganishwa na takribani miezi saba katika kalenda, lakini katika mwili wa binadamu mambo yanayozungumzwa siku hizo hukaa nyumba moja. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba katika mwaka 2022 watu wazima bilioni 2.5 walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na kati yao zaidi ya milioni 890 walikuwa na unene uliokithiri. Shirika hilo hilo linabainisha kwamba magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoongoza kwa kusababisha vifo duniani. Kwa mwaka 2019 peke yake yalikatisha maisha ya watu milioni 17.9, sawa na asilimia 32 ya vifo vyote, na zaidi ya robo tatu ya vifo vitokanavyo na magonjwa haya hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kumbe, hili si tatizo la mataifa tajiri peke yake, kama wengi wanavyodhani.

Ndugu msomaji, katika familia nyingi za waamini wetu habari hizi hazisomwi katika taarifa za wataalamu, hupokelewa msibani. Baba wa miaka hamsini na kidogo ameshinda kazini, amerudi nyumbani, amekula na kulala. Alfajiri anaamka akilalamika kwamba kifua kinambana na jasho linamtoka. Kabla jua halijapanda, amefariki dunia. Chini ya turubai watu wanasema neno lile lile: alikuwa mzima kabisa, tazama mwili wake ulivyokuwa. Kwa kuwa mwili ule ulionekana ushahidi wa afya, kifo chake kinakosa maelezo, na pale maelezo yanapokosekana minong'ono huanza. Aligombana na nani kuhusu kiwanja? Nani alimtembelea juzi? Kabla ya arobaini kutimia, ndugu waliozaliwa tumbo moja hawasalimiani, na pengine mama mkongwe ametajwa kwa jina ambalo halitamtoka tena kijijini.

Makala hii inakusudia kuonesha jambo moja: kwamba mwili mnene, ambao kwa muda mrefu tumeuchukulia kuwa ishara ya baraka na ustawi, mara nyingi huwa umebeba ugonjwa wa kimya unaoweza kupimwa mapema kwa vifaa vya kawaida sana, na kwamba kutoujua ukweli huu kunazigharimu familia zetu mara mbili, kwanza kwa kifo chenyewe, na kisha kwa tuhuma zinazofuata baada ya maziko.

Kwa nini tuliusifu unene

Hatuwezi kuwalaumu wazee wetu kwa kuusifu mwili ulionenepa. Katika jamii iliyoonja njaa, ukame na magonjwa ya kuambukiza, mtu aliyenawiri alikuwa mtu aliyesalimika. Salamu zetu bado zinabeba kumbukumbu hiyo. Anayerudi kutoka mjini akiwa amenenepa huambiwa kwamba maisha yamemkubali. Bibi harusi anayenenepa baada ya ndoa huhesabiwa kuwa ametunzwa vema. Na mkubwa wa kazi asiye na kitambi huonekana kana kwamba cheo hakijamfikia.

Kisha likaja janga la Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata kukonda kukawa habari ya kutisha. Mtu aliyepungua uzito, hata kwa juhudi zake mwenyewe, alitazamwa kwa jicho la huruma na shaka. Wako waliojilazimisha kula ili majirani wasiseme. Hofu hiyo haijaisha kabisa. Hadi leo mama anayeanza kutembea asubuhi na kupunguza wanga katika sahani yake huulizwa kwa sauti ya chini iwapo anaumwa.

Wakati mioyo yetu ikiwa bado katika hofu ya zamani, hali halisi ilikuwa imebadilika. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Tanzania mwaka 2012, kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulibaini kwamba takribani asilimia 26 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri, na kiasi kinachokaribiana na hicho walikuwa na shinikizo la juu la damu. Tafiti za hali ya watu na afya zinaonesha mwelekeo huo huo kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa: mwaka 2010 takribani asilimia 22 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri, na katika utafiti wa mwaka 2015 hadi 2016 wakafikia asilimia 28. Kwa jirani zetu wa Kenya, utafiti wa aina hiyo wa mwaka 2014 ulipata asilimia 33.

Jambo la kusikitisha ni kwamba ongezeko hili halikuiondoa njaa. Limekaa nayo pamoja. Utafiti wa mwaka 2022 ulionesha kwamba bado asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ndiyo maana katika nyumba moja mtu anaweza kumkuta mama mwenye unene uliokithiri akiwa amempakata mtoto aliyedumaa, na wote wawili wamelishwa na chungu kile kile. Chungu hicho kina wanga wa kutosha na mafuta ya kutosha, lakini hakina mboga, kunde, matunda wala samaki kwa kiasi kinachohitajika. Wataalamu wanaongeza kwamba mtoto aliyekosa lishe tumboni mwa mama na katika miaka yake ya mwanzo, kisha akanenepa ukubwani, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari na maradhi ya moyo.

Namna mafuta yanavyoufikia moyo

Wengi hufikiri kwamba mafuta mwilini ni akiba tu, kama magunia ya mahindi yaliyolala ghalani. Sayansi imeonesha kwamba sivyo. Mafuta, hasa yale yanayojikusanya ndani ya tumbo kuzunguka ini, utumbo na viungo vingine, ni kiungo kinachofanya kazi usiku na mchana. Hutoa homoni na kemikali nyingine katika damu, na yanapozidi, kazi hiyo hugeuka kuwa madhara.

Kwanza, mafuta haya huufanya mwili uwe mgumu kuitikia insulini, homoni inayoingiza sukari ndani ya chembe hai za mwili. Kongosho hulazimika kutengeneza insulini nyingi zaidi, na linapochoka, sukari hupanda katika damu na kisukari cha aina ya pili huingia. Sukari iliyozidi kwa miaka mingi huharibu kuta za mishipa ya damu, ile mikubwa ya moyo na ile midogo ya macho na figo.

Pili, unene hupandisha shinikizo la damu. Mwili mkubwa unahitaji damu nyingi zaidi kuusambaa, figo zilizobanwa na mafuta huzuia chumvi isitoke ipasavyo, na mfumo wa neva unaoamrisha mishipa ikaze huwa macho kupita kiasi. Moyo, ambao ni msuli, hujibu kama msuli wowote unaobebeshwa mzigo: kuta zake hunenepa na kukakamaa. Katika miaka ya mwanzo mtu hahisi lolote. Baadaye huanza kuhema anapopanda ngazi, miguu huvimba jioni, na hatimaye moyo hushindwa kusukuma damu inavyotakiwa.

Tatu, unene wa tumbo huvuruga mafuta yaliyomo ndani ya damu. Yale yanayodhuru huongezeka, na ile kolesteroli inayosaidia kusafisha mishipa hupungua. Mafuta mabaya hupenya katika ukuta wa mshipa na kujenga utando mzito. Wakati huo huo kemikali zitokazo tumboni huchochea uvimbe mdogo mdogo wa ndani kwa ndani, ambao huufanya utando huo uwe dhaifu na rahisi kupasuka. Unapopasuka, damu huganda juu yake kwa muda mfupi sana. Ikiwa ni katika mshipa unaoulisha moyo, huo ndio mshtuko wa moyo. Ikiwa ni katika mshipa wa ubongo, huo ni kiharusi. Kwa jirani aliyeshuhudia, ni kifo cha ghafla. Kwa mshipa wenyewe, ni safari ya miaka ishirini.

Nne, mafuta shingoni na kifuani hubana njia ya hewa wakati wa usingizi. Yule tunayemcheka kwa kukoroma, kisha ananyamaza kidogo na kushtuka kama mtu aliyekabwa, huenda anakosa hewa mara nyingi kila usiku. Hali hii huongeza shinikizo la damu na kuvuruga mapigo ya moyo.

Uhusiano huu haukubuniwa jana. Huko Framingham, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, watafiti walianza mwaka 1948 kuwafuatilia wakazi zaidi ya 5,000 wa mji huo. Mwaka 1983, baada ya ufuatiliaji wa miaka 26, walitangaza kwamba unene wenyewe, hata ukitenganishwa na shinikizo la damu, kolesteroli na sigara, ulikuwa ukiashiria nani angepata ugonjwa wa moyo. Tangu hapo ushahidi umeongezeka, na umeongezwa pia kutoka bara letu la Afrika.

Futi kamba ya fundi cherehani

Swali la haki linaloulizwa na waamini wengi ni hili: mbona wako wanene waliozeeka salama, na wembamba waliokufa kwa moyo? Ni kweli. Unene ni kihatarishi, si hukumu. Mwembamba anayevuta sigara, mwenye shinikizo la damu asilolijua, au aliyerithi kolesteroli ya juu, naye yuko hatarini. Mnene anayetembea kila siku na ambaye vipimo vyake ni vizuri yuko katika hali bora kuliko mnene asiyetikisika, ingawa si salama kama angepungua. Januari 2025, jopo la kimataifa la wataalamu, katika jarida la kitabibu The Lancet Diabetes & Endocrinology, lilipendekeza kutofautisha kati ya unene ambao bado haujaharibu viungo na unene ambao tayari umekuwa ugonjwa, na likashauri kwamba uzito peke yake usitumike kumhukumu mtu.

Kipimo kilichozoeleka ni uwiano wa uzito na urefu, unaojulikana kwa herufi BMI: uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye kilo 90 na urefu wa mita 1.65 hupata 33. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi. Kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Lakini kipimo hiki hakijui mafuta yako wapi. Kuli wa bandarini mwenye misuli na karani mwenye kitambi wanaweza kupata namba moja.

Hapa ndipo panapohitajika kifaa ambacho kila fundi cherehani anacho shingoni mwake, yaani futi kamba. Utafiti mkubwa uliohusisha watu zaidi ya 27,000 katika nchi 52, zikiwemo nchi za Afrika, uliochapishwa mwaka 2005, ulionesha kwamba uwiano wa kiuno na nyonga ulitabiri mshtuko wa moyo vizuri zaidi kuliko BMI. Mwongozo wa WHO ni rahisi kukumbuka. Kwa mwanamume, kiuno kinachozidi sentimita 94 ni dalili ya hatari, na kikizidi 102 hatari ni kubwa. Kwa mwanamke, mipaka hiyo ni sentimita 80 na 88. Pima ukiwa umesimama wima, baada ya kutoa pumzi, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa juu wa nyonga. Usipime pale mkanda wa suruali unapokaa, kwani wengi hufunga mkanda chini ya kitambi na kujifariji kwamba saizi yao haijabadilika tangu walipofunga ndoa.

Mwenye kiuno kilichovuka mipaka hiyo hana sababu ya kuogopa. Ana sababu ya kwenda zahanati. Apime shinikizo la damu, ambalo likiwa 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti linahitaji kushughulikiwa. Apime sukari na, pale inapowezekana, mafuta ya damu.

Si uvivu wala ulafi peke yake

Baadhi ya wahubiri wa afya humsema mtu mnene kana kwamba anavuna alichopanda na basi. Mtazamo huo si wa haki na wala si wa kweli. Namna bora ya kulielewa jambo hili ni kutazama yaliyotokea kwa jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Waluo magharibi mwa Kenya, watu ambao ndugu zao wanaishi pia mkoani Mara.

Mwaka 1929, daktari aitwaye Donnison, aliyefanya kazi katika eneo hilo, aliandika katika The Lancet kwamba miongoni mwa wanaume 1,000 aliowapima, hakuona shinikizo la damu likipanda kadiri umri ulivyosonga, kama alivyozoea kuona Ulaya. Miongo sita baadaye, watafiti waliwafuatilia vijana wa Kiluo waliohama kutoka vijijini kwenda kutafuta maisha Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionesha kwamba shinikizo la damu la waliohama lilipanda ndani ya miezi michache tu baada ya kufika mjini. Uzito wao ulikuwa juu zaidi, na mkojo wao ulionesha kwamba walikula chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi, yaani mboga na matunda vilipungua.

Damu ya vijana hao ilikuwa ile ile, ukoo ule ule, na hakuna anayeweza kusema kwamba walipanda basi wakiwa wachapakazi na wakashuka wakiwa wavivu. Kilichobadilika ni chakula kilichokuwa rahisi kupatikana, mwendo uliopungua, usingizi na wasiwasi wa maisha. Leo mazingira hayo ya mjini yameenda yenyewe hadi vijijini. Bodaboda imefika kwenye njia tulizotembea kwa miguu. Sembe iliyokobolewa imechukua nafasi ya dona, mtama na uwele. Mafuta ya kula huuzwa kwa kipimo kidogo kila duka, na chipsi hupatikana kituoni kabla ya chungwa. Chupa moja ya soda yenye mililita 350 ina takribani gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai; WHO inashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ingefaa zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Mtoto anayekunywa chupa hiyo amekwisha kuvuka kiwango hicho bora kabla hajanywa chai ya jioni.

Septemba 2025, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza, duniani kwa jumla, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri wamewazidi wenye uzito pungufu. Kusini mwa Jangwa la Sahara bado hatujafikia hapo, na hiyo ni nafasi tuliyopewa ya kujifunza kabla ya kuumia. Afrika ya Kusini ilianza kutoza kodi vinywaji vyenye sukari mwaka 2018. Serikali zetu nazo zina wajibu wa kutazama kodi, maelezo yanayoandikwa kwenye vifungashio, matangazo yanayowalenga watoto, na barabara zisizo na mahali pa mtu kutembea kwa usalama. Raia haitendewi haki anapoambiwa afanye mazoezi katika barabara ambayo gari litamgonga.

Sindano mpya na mipaka yake

Katika siku za karibuni gumzo kubwa ni dawa mpya za kupunguza uzito. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa dawa iitwayo semaglutide, uliohusisha watu 17,604 katika nchi 41, wote wakiwa na uzito uliozidi na ugonjwa wa moyo au mishipa uliokwisha kujulikana, lakini bila kisukari. Kwa muda wa zaidi ya miaka mitatu, asilimia 8 ya waliochomwa sindano isiyo na dawa walipata mshtuko wa moyo, kiharusi, au walifariki kwa maradhi ya moyo na mishipa; kwa waliopata dawa ilikuwa asilimia 6.5. Ni upungufu wa moja ya tano, na ni jambo la kushukuru. Desemba 2025, WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu matumizi ya dawa za kundi hili kutibu unene kwa watu wazima, ikisisitiza kwamba ziende pamoja na lishe bora na mazoezi.

Hata hivyo, tuwe wakweli. Dawa hizi ni ghali mno kwa kaya nyingi za kwetu, zinahitaji usimamizi wa daktari, na wengi wanaoziacha hurudia uzito wao. Pia jina lake zuri limefungua mlango kwa wauzaji wa chai, vidonge na sindano zisizojulikana zilikotoka, zinazonadiwa kwa ahadi ya kuondoa tumbo ndani ya wiki mbili. Mwenye shinikizo la damu anayeacha vidonge vyake ili anywe majani hayo anahatarisha uhai wake.

Habari njema ni kwamba moyo haudai mtu awe mwembamba ndipo upate nafuu. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito, yaani kilo 4.5 hadi 9 kwa yule mwenye kilo 90, hushusha shinikizo la damu, sukari na mafuta ya damu kwa kiasi kinachoonekana katika vipimo. WHO inapendekeza mwendo wa kasi ya wastani kwa dakika 150 au zaidi kwa wiki, ambazo ni nusu saa kwa siku tano, na chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, ikijumuisha ile iliyokwisha kutiwa katika mkate na viungo vya mchuzi.

Nafasi ya parokia na Jumuiya Ndogo Ndogo

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288 hadi 2290, inafundisha kwamba uhai na afya ya mwili ni zawadi tulizokabidhiwa ili tuzitunze kwa busara, tukizingatia mahitaji ya wengine. Inataja wajibu wa jamii kusaidia watu wapate hali za maisha zinazowezesha afya, inaonya dhidi ya kupita kiasi katika chakula, pombe na tumbaku, na papo hapo inaonya dhidi ya kuuabudu mwili. Mafundisho haya yanatulinda pande zote mbili: yanamkataza mtu kuupuuza mwili wake, na yanatukataza sisi kumdharau aliye mnene.

Mara nyingi tarehe 4 Machi huangukia ndani ya Kwaresima. Mfungo si mpango wa kupunguza kitambi, na haufai kugeuzwa hivyo. Lakini anayejifunza kuinuka mezani kabla hajavimbiwa, na kumpelekea mwenye njaa kile alichokiacha, atagundua kwamba mwili wake nao umepumzika. Wagonjwa wa kisukari na wanaotumia dawa wasifunge kabla ya kuzungumza na daktari, Kanisa haliwalazimishi.

Yako mambo ambayo parokia inaweza kuyafanya bila kusubiri mfadhili. Dominika moja katika kila robo ya mwaka, baada ya Misa, wauguzi na matabibu waliomo miongoni mwa waamini wakae chini ya mti na futi kamba, mizani na mashine ya kupimia shinikizo la damu. Vyama vya WAWATA na UWAKA viwahimize watu wao wajitokeze, hasa akina baba, ambao aghalabu hufika hospitalini wakiwa wamebebwa. Katika sherehe za Komunyo ya Kwanza, Kipaimara na jubilei za ndoa, kamati za chakula ziweke maji na matunda mezani kwa heshima ile ile inayopewa soda na nyama, bila mtu kuonekana ameishiwa. Shule zetu ziangalie kinachouzwa langoni. Na wanajumuiya wanaokwenda kusali nyumba kwa nyumba waende kwa miguu, wakitembea polepole na wale wasioweza kwenda haraka.

Kwa wale ambao dalili zimeanza, muda ni uhai. Kifua kinachobana kwa uzito na maumivu yanayosambaa hadi mkono au taya, jasho la baridi, kukosa pumzi, au uso kupinda na mkono kukosa nguvu, si mambo ya kusubiri kupambazuke wala ya kutafutiwa mganga. Ni ya kukimbizwa hospitali. Huduma zimesogea: Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikitibu wagonjwa wa moyo tangu mwaka 2015, maradhi ambayo zamani yalimlazimu Mtanzania kupelekwa ng'ambo.

Mwisho, turudi chini ya lile turubai. Wachungaji, makatekista na viongozi wa jumuiya wana wajibu wa kusema ukweli kwa upole wakati wa msiba, kabla minong'ono haijaota mizizi: kwamba ndugu yetu huenda alikuwa na shinikizo la damu ambalo hakuna aliyelipima, na kwamba hakuna jirani aliyemloga. Kisha wawaombe watoto wa marehemu, ambao wengi wao wamerithi umbo la baba yao na wanakula chakula alichokula, waende wakapimwe kabla ya kumaliza matanga. Kufanya hivyo ni kuwahurumia walio hai, na ni kumlinda yule mama mkongwe ambaye jina lake lilikuwa karibu kutajwa.